Miwani ya VR na Usalama Kazini: Somo Kutoka Louisville, Columbus na Buffalo



Wengi wetu tuliofika huku Marekani tumeshapitia kile kinachoitwa mafunzo ya usalama. Kwa sisi wa maabara, unakaa kwenye kompyuta, unabonyeza slaidi moja baada ya nyingine, mwisho unajibu maswali kumi na unapata cheti. Kwa ndugu zetu wanaobeba boksi, unaonyeshwa video ya Kiingereza siku ya kwanza, unasaini karatasi, unapewa kizibao cha kung'aa na kazi inaanza.

Mimi mwenyewe nilipata mia kwa mia kwenye mtihani wa moto wa maabara. Miezi michache baadaye moshi ukaanza kutoka kwenye tanuri la kukaushia sampuli. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwa ukutani, hatua tatu tu kutoka niliposimama. Jamani, hata sikuugusa. Nilisimama nauangalia moshi mpaka mwenzangu akapita nyuma yangu akazima umeme wa tanuri. Hakuna aliyeumia, na chumba hakikuungua. Lakini usiku ule nilijiuliza: ile mia kwa mia ilikuwa ya nini?

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Siku hizi makampuni mengi na vyuo vingi vinasema jibu ni uhalisia pepe, au VR kama wengi tunavyoiita: unavaa miwani, unaingia ndani ya ajali ya kutengenezwa na kompyuta, unafanya mazoezi bila kuungua wala kuanguka. Je, ni kweli inasaidia? Tutaangalia miji mitatu ambayo wengi wetu tunasoma au tuna ndugu huko: Louisville, Columbus na Buffalo. Niseme mapema ninakoelekea. VR inafaa pale macho na mikono inaporudia kitendo chenyewe kitakachohitajika siku ya hatari. Na haifai kitu kama mtambo wenyewe ni mbovu.

MIWANI HII INAFANYAJE KAZI?

Ndani ya miwani ya VR kuna skrini ndogo ya kila jicho, na mbele ya kila skrini kuna lenzi. Kila jicho linaonyeshwa picha ya pembe tofauti kidogo, kama macho yetu yanavyoiona dunia, na ubongo unaziunganisha na kupata kina: hiki kiko karibu, kile kiko mbali. Kuna pia sensa zinazopima kichwa kimegeukia wapi na kwa kasi gani. Ukigeuka kushoto, kompyuta inachora upya kila kitu ili uone kilichoko kushoto.

Kazi ngumu ya kihandisi ni muda. Picha ikichelewa, macho yanasema bado hujageuka na sikio la ndani linasema umeshageuka. Ubongo unachanganyikiwa na tumbo linapinduka, kama vile mtu anayesoma kitabu ndani ya basi kwenye barabara ya kona kona. Ndiyo maana wataalamu wanataka muda kati ya kichwa kugeuka na picha kubadilika usizidi kama milisekunde 20.

Wazo lenyewe si jipya. Ivan Sutherland alitengeneza kifaa cha kuvaa kichwani mwaka 1968, kizito kiasi kwamba ilibidi kishikiliwe na mtambo uliofungwa kwenye dari. Kilichobadilika ni bei na uzito. Mwaka 2016 zilitoka miwani mbili ambazo mtu wa kawaida aliweza kununua, Oculus Rift na HTC Vive, na hapo ndipo makampuni yalipoanza kuzitazama kama chombo cha kufundishia wafanyakazi.

LOUISVILLE: KUFUNDISHA JICHO

Tuanze na Louisville, Kentucky. Ukiwa na rafiki huko, hasa kati ya ndugu zetu wa Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia, uwezekano ni mkubwa kwamba yeye au jirani yake amewahi kufanya kazi UPS. Kituo chao kikubwa cha ndege, Worldport, kiko pale uwanja wa ndege, na kina uwezo wa kuchambua vifurushi zaidi ya 400,000 kwa saa. Tangu mwaka 1998 kuna mpango unaoitwa Metropolitan College, unaowalipia ada wanafunzi wanaofanya zamu ya usiku UPS. Kwa hiyo kuna watu wanaotoka kazini alfajiri na kuingia darasani asubuhi, na usalama wa kazi kwao si mada ya vitabuni.

Mwezi Agosti 2017 UPS ilitangaza kwamba itaanza kutumia miwani ya HTC Vive kuwafundisha madereva wapya katika shule zake 9 za mafunzo, zinazoitwa Integrad, ambazo ziko sehemu mbalimbali za nchi. Mwanafunzi anavaa miwani na kujikuta barabarani. Kazi yake si kuendesha. Kazi yake ni kutazama pande zote na kutaja kwa sauti kila hatari anayoiona: mtu anayevuka, gari lililoegeshwa, gari linalokuja mbele.

Kwa nini kwa sauti? Nadhani hapa ndipo penye ujanja wa mafunzo yale. Dereva mgeni anaangalia mbele tu, na anaamini ameona yote. Ukimpa mtihani wa karatasi ataandika "angalia watembea kwa miguu" na utampa vema. Lakini ukimwambia ataje anachokiona wakati barabara inapita, mwalimu anajua hapo hapo jicho lake lilikuwa wapi, na lilipitwa na nini. Kosa linaonekana kabla halijamgonga mtoto wa mtu.

Basi somo la kwanza ni hili: VR nzuri inamlazimisha mwanafunzi atende kitu ambacho mwalimu anaweza kukipima. Ukivaa miwani na kuangalia tu filamu inayozunguka pande zote, hiyo ni ile ile video ya siku ya kwanza, ila sasa umeivaa usoni.

COLUMBUS: KUFUNDISHA UAMUZI

Sasa twende Columbus, Ohio. Mji huu una jamii kubwa ya Wasomali, ya pili Marekani baada ya ile ya Minneapolis, na una chuo kikuu cha Ohio State. Pale chuoni madaktari, akiwemo Nicholas Kman na Douglas Danforth, walishirikiana na wataalamu wa sanaa ya kompyuta kutengeneza zoezi la VR kwa ajili ya wahudumu wa kwanza wa dharura, yaani watu wa ambulansi, wazimamoto na polisi. Walichapisha maelezo ya kazi hiyo mwaka 2023. Ukivaa miwani unajikuta kwenye stesheni ya treni ya chini ya ardhi, bomu limeshalipuka, na majeruhi wamelala kila upande.

Hebu fikiria: Columbus haina treni ya chini ya ardhi. Ila muuguzi aliyesoma Columbus anaweza kuajiriwa New York, Nairobi au Dar es Salaam. Na hata mji wenye treni hauwezi kufunga stesheni kila wiki, ukalipa waigizaji hamsini wajipake damu ya rangi ili kila mhudumu apate zamu yake. Kwenye kompyuta, mhudumu mmoja anaweza kurudia tukio lile lile mara tano siku hiyo hiyo.

Anachojifunza ni kupanga majeruhi kwa uzito wa hali zao. Utaratibu unaotumika unaitwa SALT, na hatua yake ya kwanza inafanyika kwa sauti tu. Unapaza sauti: anayeweza kutembea aende pale. Wanaoinuka na kwenda utawatazama mwisho. Halafu unasema: anayenisikia apunge mkono. Hao ni wa pili. Wasiotikisika kabisa, na wale ambao damu inawatoka kwa kasi, hao ndio unaowaendea kwanza. Ukimfikia mmoja unafanya vitu vichache vya kuokoa maisha kwa haraka, kama kukaza mkanda juu ya jeraha linalomwaga damu au kufungua njia ya hewa, halafu unampa rangi yake na kwenda kwa mwingine.

Kwenye karatasi hili ni jepesi. Kwa binadamu ni gumu mno, kwa sababu moyo wote unamkimbilia anayepiga kelele. Lakini anayepiga kelele anapumua! Aliyenyamaza pembeni ndiye anayeondoka. Kumpita mtu anayekuita ili umfikie aliyenyamaza ni jambo ambalo hakuna slaidi inayoweza kulifundisha. Lazima ulifanye, ujisikie vibaya, ulifanye tena.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kulielewa hili. Asubuhi ya tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Dar walikufa watu 11. Nairobi walikufa 213, na maelfu wakajeruhiwa. Wengi wa majeruhi wa Nairobi walikatwa na vioo usoni na machoni. Sababu inajulikana: kabla ya mlipuko mkubwa kulikuwa na kishindo kidogo na milio ya risasi, na watu kwenye maofisi ya karibu wakaenda dirishani kuangalia kuna nini. Nani kati yetu asingekwenda? Mimi ningekwenda. Kishindo kinamwita mtu dirishani kama vile jina lake limetajwa. Kukaa mbali na dirisha na kulala chini ni tabia ya kufundishwa, na haifundishiki kwa kusoma sentensi hii mara moja.

BUFFALO: KUFUNDISHA MIKONO

Mji wa tatu ni Buffalo, jimbo la New York, na hapa tutazungumzia simuleta ya marubani, ambayo ni kama babu yake miwani ya VR. Tunaweza hata kusema ilizaliwa jimbo hilo hilo. Edwin Link, kijana wa Binghamton ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha kutengeneza vinanda, alitumia mifuko ya upepo ya vinanda kutengeneza ndege ya kufundishia isiyoruka, mwishoni mwa miaka ya 1920. Watu waliiona kama mchezo wa watoto. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege, marubani wakafa mmoja baada ya mwingine kwenye mawingu na giza, na hapo ndipo jeshi likamkumbuka Link na kununua mashine zake.

Sasa tusogee hadi usiku wa tarehe 12 Februari 2009. Ndege ya Colgan Air, safari namba 3407, ilikuwa inatoka Newark kwenda Buffalo. Ilianguka juu ya nyumba huko Clarence Center, muda mfupi kabla ya kutua. Wote 49 waliokuwamo walikufa, pamoja na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Mmoja wa abiria alikuwa Alison Des Forges, mkazi wa Buffalo, mwanahistoria na mtetezi wa haki za binadamu. Ndugu zetu wa Rwanda wanalijua jina hilo. Kitabu chake kikubwa cha mwaka 1999 kilieleza mauaji ya kimbari ya 1994 hatua kwa hatua, na alitoa ushahidi wa kitaalamu mara nyingi kwenye mahakama ya kimataifa pale Arusha. Alikuwa anarudi nyumbani.

Nini kilitokea? Ndege inaelea kwa sababu hewa inapita vizuri juu ya mabawa. Ikipunguza mwendo mno na pua ikiinuka mno, hewa inaachana na bawa na nguvu ya kuinua inapotea. Ndege ile ilikuwa na kifaa kinachotikisa usukani kumwonya rubani kwamba hali hiyo inakaribia. Dawa yake ni kushusha pua na kuongeza nguvu ya injini, ili hewa irudi kwenye mabawa. Lakini ndege inayokaribia kuanguka inamfanya binadamu atake kuvuta usukani kuelekea kwake, ainue pua. Usukani ulipotikisika, nahodha alivuta.

Wachunguzi wa NTSB walisema mwaka 2010 kwamba kosa hilo la nahodha ndilo lililoiangusha ndege. Lakini hawakuishia hapo. Waliangalia pia alifundishwaje. Ndege ile ilikuwa na kifaa cha pili, kinachosukuma usukani mbele chenyewe rubani asipochukua hatua. Marubani walielezwa habari zake darasani, lakini hawakupewa nafasi ya kukihisi kikisukuma mikono yao kwenye simuleta. Na mazoezi ya simuleta ya wakati ule yalitilia mkazo ndege isipoteze kimo kingi, na rubani alijua kabla kwamba sasa linakuja zoezi lile. Tazama hatari yake: ukimsifia mwanafunzi kwa kutopoteza kimo, unaweza kuwa unaufundisha mkono wake kuogopa kushusha pua.

Familia za waliokufa zilikwenda Washington tena na tena. Bunge likapitisha sheria mwaka 2010, na mwaka 2013 mamlaka ya anga, FAA, ikatoa kanuni kwamba marubani wa mashirika ya ndege wafanye zoezi kamili la ndege kupoteza nguvu ya kuinua, ndani ya simuleta. Makampuni yalipewa hadi Machi 2019 kutekeleza.

Kutoka Buffalo tunabeba mambo matatu. Moja, kuelezwa si kufanya. Mbili, zoezi unalolijua kabla halikuandai kwa mshtuko. Tatu, na hili wauza miwani hawalitaji, chombo cha mafunzo kinaweza kufundisha kosa kwa ufanisi ule ule kinaofundishia jambo sahihi. Mtu aliyezoea kuzima moto wa VR kwa kubonyeza kidude chepesi anaweza kushangaa siku anapokutana na mtungi wa kilo nane wenye pini ngumu, na moto unaochoma uso. Kwa hiyo miwani iende pamoja na mtungi wa kweli.

UTAFITI UNASEMAJE?

Rafael Sacks na wenzake wa chuo cha Technion, Haifa, walichapisha mwaka 2013 jaribio la mafunzo ya usalama kwenye ujenzi. Washiriki 66 waligawanywa: wengine walifundishwa darasani kwa picha, wengine ndani ya VR, na wakapimwa kabla, mara tu baada ya mafunzo, na tena baada ya mwezi mmoja. VR ilishinda wazi kwenye kazi mbili, za kupachika mawe ukutani na za kumwaga zege. Kwa usalama wa jumla wa eneo la ujenzi haikuonyesha ushindi.

Ukiyaunganisha na ya miji yetu mitatu, picha ni moja. VR inasaidia pale kazi inapokuwa na kitendo maalumu na hatari inayoonekana mahali maalumu. Kwa maneno ya jumla kama "kuwa mwangalifu" haina la ziada, kwa sababu kuwa mwangalifu si kitendo.

TURUDI LOUISVILLE: PALE MIWANI ISIPOSAIDIA

Mpaka hapa nimeisifia. Sasa turudi Louisville, kwenye mtaa wa Clifton, ambako kulikuwa na kiwanda cha rangi ya karameli, ile inayotia rangi soda na vyakula. Alfajiri ya tarehe 11 Aprili 2003, kiwanda kikiwa cha D.D. Williamson, tangi lililokuwa linapashwa joto kwa mvuke lilipasuka. Mfanyakazi mmoja akafa. Tangi liliruka likagonga tangi la amonia, na karibu tani 12 za maji yenye amonia zikamwagika. Majirani waliambiwa wahame au wajifungie ndani.

Wachunguzi wa bodi ya usalama wa kemikali, CSB, walikuta tangi lile halikuwa na vali ya usalama ya kutoa presha inapozidi. Mama yeyote anayechemsha maharage kwenye jiko la presha anakijua kile kidude cha juu kinachopiga mluzi. Tangi lile halikuwa na mluzi. Tarehe 12 Novemba 2024 kiwanda hicho hicho, kikiwa sasa cha kampuni ya Givaudan, kililipuka tena kwa mtambo kuzidiwa na presha, na wafanyakazi wawili wakafa.

Louisville hiyo hiyo, tarehe 4 Novemba 2025, ndege ya mizigo ya UPS ilikatika injini ya kushoto wakati inapaa, ikaanguka nje ya uwanja. Marubani wote watatu walikufa, na watu wengine waliokuwa chini. Uchunguzi wa awali wa NTSB ulikuta nyufa za chuma kuchoka kwenye sehemu iliyoshika injini hiyo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika fani yetu methali hii inasomwa kama ilivyo, neno kwa neno.

Sasa niambie: ungewavisha wale watu miwani ya aina gani? Kwenye uhandisi wa usalama tunafundishwa ngazi ya hatua tano. Ya kwanza, ondoa hatari kabisa. Ya pili, badilisha kitu cha hatari kwa kingine chenye nafuu. Ya tatu, weka kinga ya kihandisi, kama vali, uzio au mashine inayojizima yenyewe. Ya nne, panga utaratibu wa kazi na fundisha watu. Ya tano, mpe mtu vifaa vya kuvaa. Mafunzo, pamoja na VR yote hii, yako ngazi ya nne. Kampuni inayonunua miwani ya maelfu ya dola na kuacha tangi bila vali imeanza ngazi kutoka chini. Tena kuna ubaya mwingine: ajali ikitokea itasemwa "lakini alifundishwa", na lawama ibebwe na marehemu.

LUGHA YAKO NI HAKI YAKO

Kabla sijamaliza kuna jambo moja ambalo watu wetu wengi hawalijui. Tarehe 28 Aprili 2010 OSHA, idara ya usalama kazini ya serikali ya Marekani, ilitoa msimamo kwamba pale kanuni zake zinapodai mwajiri afundishe, lazima afundishe kwa lugha na maneno ambayo mfanyakazi anayaelewa. Kama mwajiri anampa maelekezo ya kazi kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza chake ni kidogo, basi na usalama aufundishe kwa Kiswahili. Saini kwenye karatasi haitoshi kama mtu hakuelewa.

VR haiondoi tatizo hili. Picha haina lugha, lakini sauti inayoelekeza ndani ya miwani nyingi ni ya Kiingereza, na mtu aliyevaa miwani hawezi hata kumtazama jirani yake ili aige. Sisi tunaojua lugha zote mbili tuna kazi hapa. Mama kutoka Bukavu au Uvira akianza kazi ghalani, mtu wa kumtafsiria dakika ishirini za mafunzo anaweza kuwa wewe.

NA TUKIRUDI NYUMBANI?

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya ina yake ya 2007. Baadhi yetu tutarudi kuwa wahandisi, wakaguzi au mameneja, na iko siku mfanyabiashara atakuja ofisini na sanduku la miwani. Muulize maswali manne. Mfanyakazi atatenda nini ndani yake, au ataangalia tu? Nani atapima makosa yake? Kitendo anachojifunza kinafanana na kile cha kwenye mtambo wetu? Na je, vali, uzio na milango ya kutokea tumeshavikagua? Kama jibu la swali la mwisho ni hapana, mwambie arudi baadaye. Kama ni ndiyo na pesa hakuna, kumbuka kwamba zoezi la kweli la kutoka nje, na mtungi mmoja wa kuzimwa nyuma ya jengo, vinamfundisha mtu bila miwani yoyote.

MAZOEZI YA WIKI HII

1. Nenda kwenye mtungi wa kuzimia moto ulio karibu na unapofanya kazi. Uinue uone uzito wake, angalia mshale wa presha kama uko kwenye kijani, halafu urudishe. Rudia kichwani: vuta pini, elekeza chini ya moto na si kwenye ndimi zake, bana mpini, fagia huku na huku. Mtungi wa kawaida unaisha kwa sekunde chache tu, na ikiwa moto umeshakuzidi urefu, achana nao, toka.

2. Uliza mtakufundisha lini kuutumia. Kanuni ya OSHA inasema mwajiri aliyeweka mitungi ili wafanyakazi waitumie awafundishe wanapoanza kazi na angalau mara moja kila mwaka.

3. Toka kwenye jengo lako kwa mlango ambao hujawahi kuutumia. Hesabu hatua. Kwenye moshi utazihitaji.

4. Jipime: mafunzo ya mwisho uliyopewa yalikuwa ngazi ya ngapi kati ya zile tano? Na ngazi ya tatu mahali pako ikoje?

Mimi zoezi la kwanza nimeshalifanya. Mtungi wa maabara yetu ni mzito kuliko nilivyodhani, na pini yake ina kifungo cha plastiki ambacho lazima ukikate kwa kuizungusha. Miaka miwili nimeupita kila siku, na nilikuwa sijui.